Kila Ufa Una Tarehe Yake: Namna Mitambo ya Kemikali Inavyothaminiwa Baada ya Moto

Jumamosi ya tarehe 1 Juni 1974, saa kumi na moja kasoro dakika saba jioni, kiwanda cha Nypro huko Flixborough, Uingereza, kililipuka. Watu 28 walikufa, na nje ya uzio nyumba zipatazo 1,800 ziliharibika. Kiwanda kilitengeneza kaprolaktamu, malighafi ya nailoni. Kilichowaka ni wingu la saikloheksani lililovuja pale bomba la muda la inchi 20 lilipoachia. Mkasa huu umeandikwa sana kwa upande wa usalama kazini. Mimi nautumia kwa swali linalozusha ubishi kati ya wenye viwanda na kampuni za bima kila moto unapozimwa: mtambo umeharibika kiasi gani, umeharibiwa na nini, na fidia yake ni kiasi gani?

Miongoni mwa vyuma vya Flixborough kulikuwa na nyufa zenye asili tofauti kabisa. Ufa wa kwanza ulikuwa kwenye riakta namba 5, nao uligunduliwa tarehe 27 Machi, miezi miwili kabla ya mlipuko. Chanzo chake kilikuwa maji ya kupoozea yenye naitreti. Yalimwagiwa riakta kwa nje ili kudhibiti mvuke uliokuwa ukivuja, na naitreti ikala chuma taratibu mahali kilipokuwa kimevutwa na mgandamizo wa ndani. Riakta ikaondolewa, na lile bomba la muda likawekwa kuziba pengo lake.

Nyufa nyingine zilikuwa kwenye bomba la inchi 8 la chuma kisichopata kutu. Wataalamu waligawanyika, wengine wakidai kwamba bomba hili ndilo lililotangulia kupasuka. Wachunguzi walipolichunguza kwa darubini walikuta zinki ndani ya ufa. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi joto 420 hivi. Ikidondokea chuma cha aina hiyo kilichokolea moto na kilicho chini ya mvuto, hupenya katikati ya chembechembe zake na kukipasua kwa muda mfupi mno. Kwa hiyo ufa ule ulizaliwa ndani ya moto. Tume ya uchunguzi ikaamua kwamba bomba la muda ndilo lililoanza.

Hapo ndipo ilipo kazi yote ya mthamini wa hasara. Ufa wa riakta namba 5 ni ulaji wa polepole, na bima ya moto ya kawaida haiulipii. Ufa wa zinki umeletwa na moto, na bima inaulipia. Kwa macho ya mpita njia yote mawili ni chuma kilichopasuka. Mthamini asiyeutafutia ufa tarehe yake atamdhulumu mmoja kati ya mwenye mali na mtoa bima, na mara nyingi anayeumia ni yule asiye na mhandisi wa kumtetea.

Kusoma joto

Masizi hayasemi mengi. Tangi jeusi tii linaweza kuwa zima, na bomba linalong'aa likawa limekwisha. Ndiyo maana mthamini mzuri huanza kwa kuchora ramani ya joto, na vipimajoto vyake ni vitu vidogo vilivyobaki pale pale kwenye mtambo. Kibati cha aluminiamu chenye namba ya pampu kikiwa kimeyeyuka, joto pale lilipita nyuzi 660. Risasi ikiwa imetiririka, lilipita 327. Waya wa shaba ukiwa bado na umbo lake, halikufika 1,085. Vipimo hivi huonyesha mahali palipoungua hasa, tena kwa bei ndogo sana.

Mwongozo wa Marekani unaojulikana kama API 579 una sehemu nzima kuhusu mitambo iliyopitiwa na moto, nao hugawa eneo la tukio katika kanda sita za joto. Kanda ya kwanza haikuguswa. Ya pili ilipata moshi na maji tu. Ya sita ilipita nyuzi 730 hivi, na hapo muundo wa ndani wa chuma huanza kubadilika. Kwenye kanda za chini, kazi kubwa ni kusafisha, kubadilisha gasketi na kupima upya. Kwenye kanda za juu, fundi hupima ugumu wa chuma, husugua sehemu ndogo mpaka ing'ae, kisha huchukua nakala ya sura yake ili ikatazamwe kwa darubini. Chuma cha kaboni kilichopoa taratibu huenda kikarudi kazini. Kilichomwagiwa maji ya zimamoto kikiwa chekundu huweza kuwa kigumu na chepesi kuvunjika. Boliti zilizopewa nguvu kiwandani kwa joto hupoteza nguvu hiyo zikipashwa kupita kiasi, hata kama hazina alama yoyote.

Moshi na kioo

Hasara kubwa wakati mwingine iko mbali na moto wenyewe. Nyaya nyingi za umeme zimefunikwa kwa PVC, nayo ikiungua hutoa gesi ya hidrojeni kloridi. Gesi hiyo ikikutana na unyevu huwa asidi, na hutua kwenye kabati za umeme, kwenye vidhibiti na hata kwenye mabomba ya chuma kisichopata kutu yaliyo upande wa pili wa jengo. Mwenye kiwanda akiambiwa asiguse kitu chochote mpaka mthamini afike, na mthamini akachelewa, kloridi inaendelea kula. Mali iliyookoka moto hufa kwa kungoja. Usafishaji unapaswa kuanza mara tu picha na sampuli zinapochukuliwa, na gharama yake iingie kwenye dai, kwa kuwa ni gharama ya kupunguza hasara.

Riakta zilizotandikwa kioo kwa ndani zinahitaji uangalifu wa pekee. Kioo hicho huunganishwa na chuma kwenye tanuri, na kazi yake ni kukikinga na asidi. Kwa nje riakta ya namna hii ni nzito na ya kutisha. Kwa ndani ina udhaifu ule ule wa kikombe cha enameli, kikipata mshtuko kinabanduka. Moto nje na kimiminika baridi ndani vinatosha kukipasua. Ufa mwembamba hauonekani kwa tochi, kwa hiyo fundi hupitisha kipimo cha umeme wa volti nyingi juu ya kioo kikavu, na penye tundu hata la ncha ya sindano cheche huruka. Cheche moja tu yaweza kubadilisha dai zima, maana kiraka hufaa tundu dogo, lakini nyufa zilizotapakaa zina maana riakta ing'olewe, isafirishwe kwa mtengenezaji na kutandikwa upya.

Hesabu

Baada ya hayo ndipo hesabu inapoanza. Tuchukue mfano wa kubuni: riakta ya lita 5,000 iliyonunuliwa mwaka 2000 kwa dola 100,000 na kuungua mwaka 2022. Kielelezo cha gharama za mitambo ya kemikali kiitwacho CEPCI kilikuwa karibu 394 mwaka 2000, na kikafika 816 mwaka 2022. Gawanya cha pili kwa cha kwanza, zidisha kwa bei ya zamani, unapata dola 207,000 hivi.

Jibu moja halitoshi, lihakiki kwa njia nyingine. Ukiwa na bei ya sasa ya riakta ya lita 10,000, tuseme dola 300,000, usiigawe kwa mbili. Bei ya mtambo haipungui sawa na ujazo wake. Wahandisi hutumia kipeo cha 0.6. Nusu ya ujazo hugharimu kama asilimia 66 ya bei, yaani dola 198,000. Njia mbili zimekaribiana, basi dola 200,000 ni kadirio linaloweza kutetewa. Mtambo ulioagizwa ng'ambo huongezewa nauli, ushuru, gharama za bandari, kreni na mafundi wa kuufunga, na hizo si pesa ndogo.

Kinachofuata ni uchakavu. Kama hati ya bima inaahidi kununua kipya, uchakavu hauondolewi. Kama inalipa thamani iliyokuwapo siku ya moto, unaondolewa, lakini kwa kuangalia hali halisi. Riakta ya miaka 22 iliyotandikwa kioo upya katikati ya maisha yake yaweza kuhesabiwa kama ya miaka 10. Ikiwa umri wake wa kazi ni miaka 25, uchakavu ni asilimia 40, na thamani ni dola 120,000.

Bado kuna pigo moja. Tuseme mitambo yote ya kiwanda ina thamani ya dola milioni 2, lakini imekatiwa bima ya dola milioni 1.2. Kampuni ya bima italipa asilimia 60 tu ya hasara, na dola 120,000 zitashuka hadi 72,000. Kwetu Afrika Mashariki hatari hii ni kubwa, kwa sababu mitambo mingi hununuliwa kwa dola na kukatiwa bima kwa shilingi. Shilingi ikishuka na mwenye kiwanda asipopandisha kiasi cha bima, amejipunguzia fidia mwenyewe bila kujua.

Ubishi mwingi ninaousikia baada ya moto ungekwisha kabla haujaanza kama kumbukumbu zingekuwapo. Kila kiwanda cha kemikali kiwe na orodha ya mitambo yenye namba, mwaka, ujazo na aina ya chuma, pamoja na vyeti vya chuma, vipimo vya unene vya kila mwaka na ripoti za kioo. Nakala zikae nje ya eneo la kiwanda. Thamani ikaguliwe upya kila bima inapohuishwa. Kampuni za bima nazo zimtume mhandisi anayejua chuma mapema, wakati ushahidi ungali pale ulipoanguka na kabla ya wanunuzi wa chuma chakavu kubisha hodi. Unene uliopimwa mwaka jana ndio unaoonyesha nini kililiwa na kutu na nini kililiwa na moto. Bila kipimo hicho, mwenye kiwanda atakuwa na neno lake, mtoa bima atakuwa na lake, na dai litaamuliwa na yule mwenye uwezo wa kungoja zaidi.