Uwele Kiganjani

Marafiki wawili wa Sinza, Dar es Salaam, walifika jioni ya Januari, baridi ikiwa imeanza kushuka, katika kijiji kimoja nje ya mji wa Bhuj, eneo la Kachchh, jimbo la Gujarat. Mmoja wao, ambaye Sinza nzima inamfahamu kwa haraka zake, alitulia ghafla. Aliinama mlangoni, akagusa miguu ya bibi yake, kisha akaupeleka mkono kwenye paji la uso wake mwenyewe. Mgeni wake, dada wa Sinza Kijiweni, alibaki na begi mkononi. Ametamka "shikamoo" tangu alipojua kusema, na kama wengi wetu aliambiwa utotoni kwamba maana yake ni nashika miguu yako. Jioni ile aliiona ikitendwa, naye akainama.

Kwa chakula alitarajia chapati. Ilikuwa haki yake kutarajia: chapati, bajia, achari, hata neno gari, vyote vilitufikia kutoka upande ule wa bahari. Lakini mkate ulioletwa ulikuwa mnene, wa rangi ya kijivu, unanukia moshi. Kando yake palikuwa na siagi nyeupe, biringanya lililochomwa motoni na kupondwa, na kipande cha sukari guru. Wenyeji wanauita mkate huo rotlo. Aliumega, akatafuna, akaacha kuzungumza. Ladha ile aliijua. Ulikuwa uwele, uleule wa ugali wa bibi yake mzaa mama, kule Dodoma.

Uwele ni mtoto wa Afrika. Watafiti wa mambo ya kale wamekuta alama za kilimo chake huko Mali, kusini mwa Sahara, tangu zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Na zaidi ya miaka 3,000 iliyopita ulikuwa umekwishavuka hadi India. Maana yake ni kwamba punje hizo zilikuwa zimezoea udongo wa ng'ambo muda mrefu sana kabla wafanyabiashara wa Mandvi, bandari ya Kachchh, hawajaanza kuja Unguja na upepo wa kaskazi. Kachchh ni kukavu kama Ugogo kule Dodoma, mvua zake chache na zisizotabirika, na zao linalovumilia hali hiyo likapata makao.

Kesho yake asubuhi aliomba kuingia jikoni. Bibi, ambaye wote nyumbani humwita Ba, alimsogezea kigoda karibu na jiko.

Hapo ndipo penye ufundi. Unga wa ngano ukikandwa huvutika, kwa hiyo mpishi wa chapati anaweza kutengeneza madonge ishirini, akayafunika, akayasukuma kwa zamu. Uwele hauna unato huo. Ukiuvuta, unakatika. Ba hakukanda unga wa mikate yote kwa pamoja. Alichota wa mkate mmoja tu, akatia maji kidogo kidogo, akausugua kwenye sinia kwa sehemu nene ya kiganja, akisukuma na kurudisha, mpaka zile chembe zikakubali kushikana. Donge likisubiri, hukauka na kupasuka. Halafu akalichukua katikati ya viganja viwili, akaanza kulipigapiga, pa, pa, pa, huku likizunguka kidogo kwa kila pigo. Hakuna kibao wala mti wa kusukumia. Duara lilikua hewani, ukingo wake ukiwa sawasawa kana kwamba umekatwa kwa sahani. Likatua kwenye kikaango cha udongo, likageuzwa, likavimba.

Hata unga wenyewe una masharti. Uwele una mafuta, na ukishasagwa haukai muda mrefu kabla ya kuanza uchungu. Nyumba inayoujali husaga wa siku chache tu. Tunamwita fundi anayechonga mlango, na anastahili. Mwanamke anayejua kwa ncha za vidole ni lini donge limekolea maji anastahili jina hilohilo, na inauma kwamba hatumpi. Umoja wa Mataifa, kwa pendekezo la India, uliutangaza mwaka 2023 kuwa mwaka wa nafaka za jamii ya uwele, ulezi na mtama. Lakini Dar es Salaam uwele umebaki zaidi kwenye unga wa uji wa watoto, na wapo wanaouita chakula cha njaa mbele ya watu waliokuzwa nao.

Donge la kwanza la mgeni lilipasuka ukingoni. La pili lilianguka vipande viwili. Ba alivikusanya, akavilowesha, akaviweka tena kiganjani mwa mgeni, akamshika vifundo vya mikono na kumpigisha ule mdundo. Hawakuwa na lugha moja.

Aliporudi Sinza alinunua uwele sokoni Tandale, akausagisha, akawasha jiko la mkaa uani. Mkate wa kwanza ulipasuka. Mama yake, aliyekuwa akichambua mchicha barazani, aliutazama ule unga kwenye sinia, akaweka mchicha chini, akavuta kigoda.

"Huo unataka maji ya moto, mwanangu," alisema, akinawa mikono. "Lete hapa."