Kipofu wa Sita

Mtangazaji wa mpira redioni ana bahati moja kubwa: mpira wenyewe. Unakokwenda ndiko maneno yake yanakokwenda, na msikilizaji aliyeko Tabora au Lamu hasumbuki kujua nyasi za uwanja zimekatwaje. Anayemsimulia asiyeona picha iliyochorwa hana mpira wa kufuata. Mbele yake kila kitu kimetokea kwa pamoja, kimetulia, kinamsubiri yeye aamue kipi kitangulie. Ufundi wenyewe uko hapo.

Tuchukue picha iliyo mtihani maradufu. Mwaka 1568, mwaka mmoja kabla ya kufa, Pieter Bruegel alichora vipofu sita wakiongozana njiani, juu ya kitambaa cha kitani chenye upana wa takribani mita moja na nusu. Leo iko katika Makumbusho ya Capodimonte, Naples. Kisa ni kile cha Injili ya Mathayo, cha kipofu kumwongoza kipofu mpaka wote wakatumbukia shimoni. Picha inawahusu watu ambao, kwa karne nyingi, hakuna aliyefikiria kuwasimulia.

Mwenye macho huinasa kwa mara moja: mstari wa miili unaoporomoka kutoka juu kushoto hadi chini kulia. Ulimi hauwezi hivyo. Ukianzia kulia, kwa kiongozi aliyekwisha kuanguka chali mtaroni pamoja na ala yake ya muziki, umemaliza kisa kabla ya kukianza. Watano waliobaki wanakuwa mkia tu. Mimi ningeanzia kushoto, kwa yule wa sita. Anatembea nyuma ya wenzake, hana habari. Kisha wa tano na wa nne, wameshikana kwa mikono na mabega, vichwa vimeinuka kama vya watu wanaosikiliza kwa uso mzima. Wa tatu ameshika fimbo ambayo ncha yake nyingine iko kwa wa pili, na fimbo imeanza kumvuta. Wa pili anakwenda mrama. Ametugeuzia uso, na mahali pa macho pana mashimo matupu. Halafu mtaro. Simulizi ikienda hivyo, msikilizaji anaiendea ajali hatua kwa hatua, wakati wao inawajia kutoka mbele, kupitia fimbo na bega.

Kusema "vipofu sita" na kupita ni uvivu. Bruegel alichora kila jicho kwa uangalifu mkubwa kiasi kwamba madaktari wa baadaye wamejaribu kutaja maradhi ya karibu kila mmoja: wa tatu jicho lina doa jeupe, wa nne jicho limesinyaa. Hayo msikilizaji ana haki ya kuyapata, tena yeye kuliko mwingine yeyote.

Nyuma yao lipo kanisa, wima, halishughuliki nao. Hapa watu wa kazi hii wangenikatiza. Tangu Margaret Pfanstiehl, ambaye mwenyewe alikuwa amepoteza uoni, na Cody, aliyekuja kuwa mumewe, walipoanza kuwasimulia watazamaji wasioona michezo ya jukwaani katika Arena Stage, Washington, mwaka 1981, kanuni inayosisitizwa ni moja: sema unachokiona, hisia mwachie msikilizaji. "Wima" inaruhusiwa, "halishughuliki" hairuhusiwi. Georgina Kleege, mwandishi asiyeona wa Marekani, ameitilia shaka kanuni hiyo katika kitabu chake cha mwaka 2018, na mimi niko upande wake, ingawa si kwa kila neno. Kanisa ningeliacha na "wima" yake. Lakini ile "hana habari" ya kipofu wa sita siiondoi, japo haikuchorwa popote. Bila hiyo ninabaki na orodha ya kofia na makoti.

Anayefaa kuamua ugomvi huu ni msikilizaji mwenyewe. Ujerumani, kwa mfano, ni kawaida maelezo ya filamu kuandikwa na kikundi chenye mwandishi asiyeona ndani yake, naye husimamisha kazi kila sentensi inapomwacha gizani. Mtu kama huyo, kwenye picha hii, angeuliza mapema sana: hiyo fimbo wa tatu kaishika kwa mkono gani? Na wa sita anayo ya kwake, au ametegemea bega la mwenzake tu? Hapo msimulizi hana budi kurudi kwenye picha na kuangalia upya.