Gitaa Linalosindikiza

Kwetu Goma mgeni haagwi mlangoni. Unavaa viatu, unatoka naye, mnatembea taratibu juu ya mawe meusi ya volkeno huku mkimalizia maongezi, mpaka apate pikipiki. Baba mdogo, aliyepiga gitaa katika okestra ya baa enzi za Zaire, alisema kazi yake ilikuwa hiyohiyo. Wengine walipiga solo, yeye alikuwa wa akompa. "Mimi nasindikiza," alikuwa akisema, "na anayesindikiza hatangulii wala habaki nyuma."

Sikio nililo nalo leo alinipa yeye. Nyumbani tuliongea Kiswahili, lakini karibu nyimbo zote tulizozipenda zilikuwa za Kilingala, na sisi watoto maneno tuliyapata nusunusu. Nadhani hilo lilinifaa. Maneno yaliponipita, sikio lilikimbilia nyuzi. Jumapili moja baba mdogo aliweka kanda ya African Jazz kwenye redio kaseti, akanikalisha karibu kabisa na spika, akaniambia nifuate besi peke yake mpaka wimbo uishe. Akaichomoa kanda, akaizungusha kwa kalamu ili betri zisiishe, akairudisha: sasa fuata tumba. Akazungusha tena: sasa solo. Mara ya mwisho akanyanyua kidole na kusema, "Sasa nisikilize mimi." Hakuwa yeye aliyekuwa akipiga mle, lakini nilielewa. Siku nzima ilikwisha kwa wimbo mmoja, na sikuwahi kuchoka.

Wimbo wenyewe ulikuwa "Indépendance Cha Cha". Joseph Kabasele na wenzake wa African Jazz waliurekodi Brussels mwanzoni mwa 1960, wanasiasa wetu wakiwa hukohuko kwenye mkutano wa Meza ya Duara kujadili uhuru. Kila mtu anaijua sauti ya Kabasele, na wapenda gitaa wanamjua Nicolas Kasanda, Docteur Nico, ambaye wakati huo hakuwa ametimiza miaka 21. Wachache hutaja gitaa la pili. Lilipigwa na kaka yake mkubwa, Charles Mwamba, aliyejulikana kama Dechaud.

Tangu Jumapili ile siwezi kumsikia Nico bila Dechaud. Solo ya Nico inapanda, inachezacheza juu, inateremka kama maji ya mvua kwenye bati. Chini yake kaka yake anashika vipande vifupi vya nyuzi, anavirudia, anavirudia tena, na kila kimoja kinatua pale ambapo mdogo wake ameacha tundu. Jaribu siku moja kuimba solo hiyo peke yako, bila chochote chini yake. Ni tamu, lakini inaning'inia. Mrudishe Dechaud, na mara moja ina mahali pa kukanyaga. Nimefikiri sana juu ya ndugu hao wawili. Mkubwa ndiye aliyekubali kazi isiyopigiwa makofi, akaifanya kwa mkono usiotetemeka, miaka na miaka.

Baadaye rumba iliongeza gitaa la tatu, mi-solo, likakaa kati ya akompa na solo. Hapo ufundi unakuwa mgumu kuusimulia. Mpiga mi-solo anashika kifungu kifupi, pengine noti sita au nane, juu kidogo ya akompa, na kukisuka na vipande vya mwenzake wa akompa. Ukimsikiliza mmoja tu hupati wimbo, ukimsikiliza mwingine tu hupati wimbo. Wimbo unatokea pale wanapopishana. Ndiyo maana sebene, ile sehemu ya kucheza, inapofunguka mwili unajua la kufanya kabla kichwa hakijajua. Watu husifu solo na atalaku anayepiga kelele za kuchezesha, lakini miguu inafuata mi-solo. Mtu huyo anarudia kifungu chake mara mamia kwa usiku mmoja. Akikaza kidogo tu, wachezaji wanakimbizwa. Akilegea, uwanja unapoa.

Nampenda Franco kama Mkongomani mwingine yeyote. "Mario" ya 1985, pamoja na sauti ya Madilu System, ni wimbo ninaouheshimu kama hadithi ya mzee. Lakini katika okestra yake, OK Jazz, moyo wangu uko kwa Simaro Lutumba. Alipiga gitaa la akompa upande wa Franco tangu miaka ya 1960, na watu walimwita Mshairi, kwa sababu ndiye aliyetunga "Mabele" ya 1974, iliyoimbwa na Sam Mangwana. Kwangu mimi mambo hayo mawili ni jambo moja. Mtu wa akompa anausikia wimbo mzima, kwa kuwa kazi yake ni kumpa kila mmoja nafasi. Anajua mwimbaji anavuta pumzi wapi, matarumbeta yanaingia wapi, ukimya unahitajika wapi. Mwenye masikio hayo akishika kalamu, anaandika wimbo ambao ndani yake kila mtu ana pa kukaa.

Halafu yuko aliyejisindikiza mwenyewe. Jean-Bosco Mwenda, mzaliwa wa Bunkeya huko Katanga, alikuwa kijana wa miaka 22 hivi mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipomrekodi Jadotville, ambayo leo ni Likasi, mwaka 1952. Wimbo ni "Masanga". Gitaa moja kavu, vidole viwili: gumba na kidole cha shahada. Gumba linatembea kwenye nyuzi nene, hatua baada ya hatua, na kidole cha shahada kinachomoa sauti kwenye nyuzi nyembamba, mara pamoja na gumba, mara katikati ya hatua zake. Ukifunga macho utaapa kuwa wako watu wawili, hata watatu. Mtaalamu David Rycroft aliketi mwanzoni mwa miaka ya 1960 akauandika upigaji huo noti kwa noti, na alichokuta ni kwamba Mwenda habaki kwenye njia moja. Kila akizunguka anabadilisha kitu kidogo. Mimi siandiki noti, lakini mabadiliko hayo nayajua kama ninavyojua ngazi za nyumbani gizani.

Kanda zetu za nyimbo hizo zote ziliungua tarehe 17 Januari 2002, volkeno ya Nyiragongo ilipofunguka na mto wa moto ukapita katikati ya mji mpaka ziwani. Tulitoka na watoto na magodoro. Tuliporudi, mahali pa nyumba palikuwa na jiwe lenye joto. Kwa miezi mingi nilikuwa na nyimbo za kichwani tu, na niligundua jambo lililonishangaza: solo zilikuwa zimeanza kukatika katika kumbukumbu, ila akompa zilibaki nzima. Nilizipiga kwa vidole juu ya meza, na solo zikarudi zenyewe, moja moja.

Kanda ya kwanza niliyonunua baada ya hapo ilikuwa ya Samba Mapangala. Yeye ni mtu wa Matadi, mwisho mwingine wa nchi. Alipita Uganda akafika Nairobi, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 akaipa okestra yake jina la milima yetu, Virunga. Sauti yake ni nyororo, haisukumi. Katika "Malako" magitaa yanasuguana taratibu chini ya saksofoni, hakuna anayemfunika mwenzake. Nilisikiliza wimbo huo nikiutazama mlima uliotuunguzia nyumba, na sikuuchukia mlima.

Baba mdogo sasa ni mzee na vidole vyake vimekakamaa, gitaa halishiki tena. Siku hizi tunafunga milango mapema, kwa hiyo nyimbo ndefu zinapata muda wake. Juzi nilimwekea "Indépendance Cha Cha" kwenye simu, nikaiweka mezani kati yetu. Solo ya Nico ilipoingia, wajukuu wote waligeuka kuitazama simu. Yeye hakugeuka. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya goti, na gumba na kidole cha shahada vilikuwa vikitembea, vipande vifupi, vilevile, mahali pake hasa.