Ufundi wa Kutendeshwa

Kitenzi "walihamishwa" ni kifupi, lakini ndani yake mna makundi mawili ya watu, na moja halionekani. Anzia kwenye "hama". Mfugaji wa Hanang, kaskazini mwa Tanzania, huhama kwa shauri lake mwenyewe: majani yamekwisha, maji yako kwingine, ng'ombe wanaswagwa. Tia -ish-, na tayari yupo mtu mwingine anayemhamisha. Tia -w-, na huyo wa pili anaondolewa kwenye sentensi, ila -ish- yake inabaki kushuhudia kwamba alikuwepo.

Ufundi huu nausifu kwa sababu hauna papara. Viambishi vina zamu zao, na zamu haipinduliwi: limishwa, someshwa, hamishwa. Hutamsikia mtu akisema "limwisha". Msababishi lazima aingie kwanza ndipo atolewe. Kisha tazama nani anarithi nafasi ya kiima. Mama anamlisha mtoto uji. Ukiigeuza, mtoto analishwa uji. Uji haulishwi mtoto, hata uwe mtamu namna gani. Kiswahili kinampa kiti cha mbele yule aliyefanyishwa jambo, si kile kilicholiwa.

Mafundi wa zamani walifanya kazi iliyo laini zaidi. Ogopa, ogofya, ogofywa. Lewa, levya, levywa. Humo -ish- huioni. Kusababisha kumezama ndani ya konsonanti, na -w- imekuja kukaa juu yake kimyakimya. (Wanafunzi wengi huliruka somo hili haraka, na ndilo tamu kuliko yote.)

Wala si Wabantu peke yao. Katika Kipali, lugha ya maandiko ya Wabudha wa Theravada, "karoti" ni anafanya, "kāreti" ni anafanyisha, "kārīyati" ni anafanyishwa. Kusababisha hutangulia, kutendwa hufuata, vilevile kama kwetu.

Ukipanda Mbulu, jirani ya Hanang, mambo yanabadilika. Kiiraqw, ambacho wengi hukiita Kimbulu, ni lugha ya Kikushi. Huonyesha kusababisha kwa sauti ya s inayofuata mzizi, lakini pale sisi tunapotia -w-, chenyewe hutumia neno dogo mbele ya kitenzi, la mtendaji asiyetajwa. Mwanaisimu Whiteley alikichambua mwaka 1958. Maarten Mous akatoa sarufi yake mwaka 1993. Na mwaka 2002 Mous, Martha Qorro na Roland Kießling wakatoa kamusi. Kazi ya namna hiyo, ya kukaa na wasemaji na kuuliza kitenzi kimoja kwa sura zake zote, hailipi sana, na naiheshimu kuliko hotuba nyingi za kusifu lugha za mama.

Nimerudi Hanang kwa makusudi. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, eneo la Basotu lilifunguliwa kwa kilimo cha ngano, na kwa msaada wa Kanada mashamba ya NAFCO, shirika la umma la kilimo, yakaenea hadi kufikia takriban ekari 100,000. Humo mlikuwa na malisho ya wafugaji wa Kibarbaig, na makaburi ya wazee wao. Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani kuishtaki NAFCO. Kilishinda Mahakama Kuu, kikashindwa Mahakama ya Rufani. Ukisikia habari hizo zikisimuliwa kwa Kiswahili, kitenzi ni kilekile: watu walihamishwa. Sarufi imewapa kiti cha mbele na imemficha aliyewahamisha, lakini haikuweza kusema "walihama". Mwandishi anayetaka kuandika "walihama" itambidi aing'oe -ish- kwa mkono wake, na msomaji makini atamwona.

Walimu wa Katesh na wa Mbulu, mkifika kwenye kauli ya kutendeshwa, wekeni kando mifano ya uji kwa kipindi kimoja. Andikeni "walihamishwa" ubaoni, kisha mwambieni mwanafunzi aimalizie sentensi kwa "na".