Kifo cha Mfalme na Migongo ya Askari: Kuhusu Mchoro wa Manet

Uchoraji wa kihistoria wa Ulaya ulizoea kumpa mfalme anayekufa nafasi ya mbele: nuru humwangukia, uso wake huonekana wazi, na wanaomzunguka hulia au huduwaa. Desturi hiyo ilikuwa na kazi yake. Mtazamaji alifundishwa kwamba mwili hufa, lakini enzi hubaki.

Édouard Manet aliivunja desturi hiyo alipochora kuuawa kwa Kaisari Maximilian wa Mexico. Maximilian, wa ukoo wa Habsburg, aliwekwa kitini mwaka 1864 kwa nguvu za majeshi ya Napoleon III wa Ufaransa. Majeshi hayo yalipoondoka, mwanzoni mwa 1867, alibaki bila kinga. Tarehe 19 Juni 1867, kwa amri ya serikali ya Juárez, alipigwa risasi huko Querétaro, pamoja na majenerali wake wawili, Miramón na Mejía.

Tuutazame mchoro wa mwisho, wa 1868–1869, uliohifadhiwa Mannheim. Kaisari amesimama upande wa kushoto, kati ya majenerali, kofia pana ya Kimexico kichwani; moshi umeanza kumfunika na uso wake umefifia. Wanaoijaza picha ni askari, nao wametupa migongo. Kulia kabisa sajini anashughulikia bunduki yake kwa utulivu, kana kwamba mlio wa risasi haumhusu. Juu ya ukuta watu wanachungulia.

Wako wahakiki walioona hapa ubaridi wa moyo, kana kwamba mchoraji alijali rangi tu. Hatukubaliani nao. Tuziangalie sare: zinafanana na za Kifaransa. Manet haulizi mfalme alikufaje. Anauliza nani alimuua, aliyefyatua bunduki au aliyempeleka ugenini kisha akamwacha. Watawala wa Ufaransa walilielewa swali hilo. Mwaka 1869 Manet aliarifiwa kwamba mchoro wake ungekataliwa katika maonyesho makuu ya Paris, na picha ya chapa aliyoitengeneza juu ya tukio hilohilo ikapigwa marufuku. Picha isiyo na neno la kusema isingeogopewa hivyo.

Swali hilo latuhusu na sisi. Mjane wa Maximilian, Charlotte, alikuwa dada wa Leopold II wa Ubelgiji, aliyejitwalia Kongo mwaka 1885. Tarehe 20 Desemba 1891, huko Bunkeya, Mwami M'siri aliuawa kwa risasi na Kapteni Bodson, ofisa wa msafara uliokuja kuitwaa Katanga kwa ajili ya dola ya Leopold. Bodson naye aliuawa. Anayekichora kifo hicho aweza kuonyesha watu wawili tu, bunduki kwa upanga, nasi tutadhani ulikuwa ugomvi wao. Aweza pia kutafuta namna ya kumtia pichani yule aliyekuwa mbali, Brussels. Manet ametuonyesha kwamba kwa kazi hiyo sare peke yake yaweza kutosha.