Wanaousimulia Mto

Nyarutarama, mtaa wa Kigali, maji ni ya kutazamwa: ziwa dogo, ndege, uwanja wa gofu pembeni. Lakini kila Aprili 7, kipindi cha kumbukumbu cha Kwibuka kinapoanza, wakazi wa Kigali hukusanyika kusikiliza ubuhamya, yaani ushuhuda, wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, na hapo maji hubadilika sura. Manusura husimama mbele ya majirani kueleza mto Nyabarongo wa 1994: nani alitupwa, nani alijificha kwenye mafunjo. Mto ule huingia Akagera, nao Akagera humwaga maji yake Ziwa Viktoria; ndiyo maana wavuvi wa Uganda waliopoa miili, ikazikwa Kasensero, Lambu na Ggolo.

Nawavulia kofia wasimulizi hawa. Hawa si malenga wa igitaramo, ule mkesha wa hadithi na muziki wa inanga; hakuna anayewapigia vigelegele. Ufundi wao mkubwa, kwangu mimi, ni kimya. Msimulizi akikwama, watu wote humngoja. Msikilizaji akizidiwa, wapo wa kumshika mkono na kumtoa nje taratibu. Kisha sauti hurudi, ikaendelea pale pale ilipoachia, mtoni.