Jina la Umbo na Jina la Tukio: Uhakiki wa Istilahi Mbili za Biokemia ya Tiba

Makala hii inahakiki istilahi mbili za biokemia ya tiba, kimeng'enya na selimundu, kwa jicho la mtafiti wa lugha aliyeko Uganda, nchi ambayo kwa muda mrefu imepokea istilahi za Kiswahili zikiwa zimekwisha kupikwa Dar es Salaam na Nairobi. Sina nia ya kubeza kazi iliyofanyika. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990, na Kamusi ya Tiba ya Mwita na Mwansoko ya mwaka 2003, ziliwapa walimu pa kushika. Dai langu ni kwamba istilahi zetu hupimwa zikiwa peke yake, nomino kwa nomino, ilhali biokemia ni elimu ya matukio. Istilahi ya elimu ya namna hiyo hujulikana uzima wake pale inapotiwa katika sentensi inayoeleza jambo linavyotendeka.

Tuanze na kimeng'enya. Neno hili limenyambuliwa kutokana na kitenzi meng'enya, ambacho mwanafunzi amekwisha kukutana nacho katika somo la mmeng'enyo wa chakula. Kwa amilesi ya mate inayovunja wanga, au pepsini ya tumboni inayovunja protini, jina linakaa barabara. Lakini enzaimu nyingi za seli hazimeng'enyi chochote. Zipo zinazojenga, zinazounganisha, na zinazohamisha kikundi cha atomu kutoka molekuli moja hadi nyingine. DNA polimerasi, iliyogunduliwa na Arthur Kornberg na wenzake mwaka 1956, kazi yake ni kuunga nyukliotidi moja baada ya nyingine hadi uzi mpya wa DNA ukamilike. Mwalimu anayesema "kimeng'enya hiki hujenga DNA" amesema, kwa sikio la Kiswahili, kwamba kivunjaji hiki hujenga.

Utetezi wa neno hili unafahamika: maana ya asili hufifia kwa matumizi. Atomu kwa Kigiriki ni kitu kisichokatika, na wanafizikia wameikata. Hoja hiyo ina nguvu kwa sababu wanafunzi wa Ulaya hawasikii Kigiriki wanapolitamka neno. Wilhelm Kühne alipolibuni jina la enzaimu katika miaka ya 1870, alilifinyanga kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya "ndani ya chachu"; ni nani leo maabarani anayewaza chachu? Msemaji wa Kiswahili, kinyume chake, humsikia meng'enya kila neno linapotajwa. Uwazi tunaousifu kuwa fadhila ya istilahi zetu ndio unaopotosha hapa. Naona enzaimu liwe jina la jumla, na kimeng'enya libaki kwa zile zinazovunja chakula. Najua pendekezo hili linakiuka kanuni ya kuanza na hazina ya Kiswahili kabla ya kukopa. Kanuni hiyo iliwekwa ili kumsaidia mwanafunzi. Inapomkwaza, sioni kwa nini itangulie.

Kosa la kimeng'enya humgharimu mwanafunzi alama za mtihani. La selimundu hufika mbali zaidi.

Kama ubunifu wa lugha, selimundu ni neno zuri: mundu anaujua kila mkulima. Linataja alichokieleza daktari James Herrick wa Chicago mwaka 1910, yaani chembe za damu zilizopinda zikionekana katika hadubini. Mwaka 1949 Lehmann na Raper walichapisha utafiti wao kuhusu mtawanyiko wa hali hiyo nchini Uganda, wakihesabu watu ambao chembe zao hupinda zikinyimwa oksijeni. Mwaka huohuo Linus Pauling na wenzake huko California walitenganisha himoglobini kwa umeme, wakaonyesha kwamba ugonjwa unaanzia kwenye molekuli: mgonjwa ana himoglobini isiyo ya kawaida, aliyerithi kwa mzazi mmoja ana zote mbili. Mwaka 1957 Vernon Ingram akabainisha kwamba tofauti yenyewe ni asidi amino moja, asidi glutamiki iliyobadilishwa na valini. Himoglobini hiyo ikiachia oksijeni, molekuli zake hushikamana zikawa nyuzi ngumu, na nyuzi ndizo zinazoipinda seli.

Tatizo la istilahi liko hapo. Katika kipimo cha kuinyima damu oksijeni, chembe za mbebaji nazo hupinda. Umbo la mundu, peke yake, haliwezi kumtenga mbebaji na mgonjwa, nasi tumelifanya umbo hilo kuwa jina la yote mawili. Utafiti wa kitaifa wa Uganda uliochapishwa mwaka 2016, uliopima sampuli zaidi ya 97,000 za watoto wadogo, ulikuta wabebaji 13.3% na wagonjwa 0.7%. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ushauri nasaha unahusu watu wasioumwa. Katika kliniki moja niliyohudhuria kama mtafiti, mama aliambiwa kwamba mwanawe "ana vinasaba vya selimundu lakini si mgonjwa". Alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Sasa ataanza kuumwa lini?" Hakuwa mzito wa kuelewa. Alilisikia jina la ugonjwa, akatafsiri sawasawa.

Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda liidhinishe Kiswahili kuwa lugha rasmi mwezi Julai 2022, ni haki kutarajia vijitabu vya afya na mitaala katika lugha hii. Wanaozishauri wizara watadai orodha za istilahi, kwa kuwa orodha ni rahisi kuhesabika katika ripoti. Ningewaomba wadai pia sentensi: kila istilahi iambatane na maelezo mafupi ya tukio, yaliyosomwa na mwalimu wa maabara na mshauri wa kliniki kabla ya kusanifishwa. Selimundu silifuti, limekwisha kuzoeleka. Ila kwa mbebaji naona tuseme "amerithi upande mmoja", na kwa mgonjwa "amerithi pande mbili". Nilipomrudia mama yule kwa maneno hayo, swali lake la pili lilimhusu mumewe: je, naye apimwe? Hilo ndilo swali ambalo mshauri alitaka kulifikia tangu mwanzo.

Kauli ya "pande mbili" ina upungufu wake. Mtoto aliyerithi himoglobini S kwa mzazi mmoja na talasemia ya beta kwa mwingine ni mgonjwa pia, ingawa pande zake hazifanani. Kwake yeye bado sina sentensi.